Gauni la Njano Chini ya Shitingi

Niongeze unga mwekundu, au niache? Swali hilo liliniweka macho Alhamisi ile hadi majogoo. Uani, chini ya shitingi, turubai la plastiki la buluu linalofunika jiko letu la nje, lilining'inia gauni nililokuwa nimelitia rangi mchana. Nililitaka liwe la njano. Macho yangu yaliniambia ni la kijani. Na Jumamosi binti wa mama yangu mkubwa alikuwa anaolewa. Tulilala kitanda kimoja utoto wetu wote, na yeye mwenyewe alinishika mkono akaniomba nitembee nyuma yake kanisani, nimshikie shela.

Kwetu Bukavu harusi ina sare, tunayoiita uniforme. Ukoo huchagua kitenge kimoja, na asiyekivaa huketi nyuma na wageni hata kama ni ndugu wa damu. Shangazi, msimamizi wa sare, alichagua njano tupu isiyo na maua, akatugawia vipande vidogo vya mfano ili asikosee mtu. Mimi nina diploma ila sina kazi, na kitenge hicho kilinishinda. Nilichokuwa nacho ni gauni la zamani la pamba, jeupe lililochoka kwa kufuliwa. Nikateremka Nyawera, sokoni, nikapata unga wa rangi ya njano. Kwa kuwa mimi ni mimi, nikachukua na mwekundu, endapo njano ingetoka changa.

Nilibandika sufuria kuukuu juu ya mbabula, jiko letu dogo la makaa, makala yakakolea, nikatia maji, chumvi na unga. Mvua ikaanza nikiwa nakoroga kwa mwiko. Kipande cha mfano nilikuwa nimekificha chumbani ndani ya Biblia, kisirukiwe na rangi. Basi nikawa nakimbilia chumbani, nakitazama, naikariri ile njano kama jibu la mtihani, halafu narudi uani. Kila niliporudi, gauni lilizidi kunisikitisha.

Shangazi alipita akikimbia mvua, akajisitiri kwetu. Alichungulia gauni sufuriani, akainua nyusi.

"Eh, mwenye diplôme! Hii ni robe ama ni sombe?"

"Ni njano, Shangazi."

"Njano ya wapi? Ongeza mawese basi, tule."

Alicheka peke yake, na mvua ilipopungua akaenda zake. Mimi nilibaki na sombe yangu, kisamvu kisicholika.

Kitandani nilipima kila upande. Wekundu ungeua ukijani, au ungeleta rangi ya matope. Rangi ikishaingia kwenye pamba haitoki. Nikiacha, nitatembea nyuma ya bibi-arusi kama jani la muhogo, na picha hizo zitatundikwa ukutani mwake maisha yake yote. Mwishowe nikamwandikia Shangazi ujumbe wa asubuhi ya Jumamosi: nimeamka na homa, msinisubiri. Sikuutuma. Niliulaza kwenye simu, kifuani pangu.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa bado inapiga shitingi. Niliwasha mbabula, maji yakachemka, na nilikuwa tayari nimeishika pakiti nyekundu kwa meno ili niipasue, mama alipotoka na kikombe chake cha chai.

"Njo nini tena?"

"Maman, imekuwa kijani. Nataka kuirekebisha."

"Kijani namna gani? Ile kipande ya shangazi yako iko wapi?"

"Mu Biblia. Mu chumba."

"Inasali? Leta."

Nilikileta nimekifunika kwa kiganja. Mama alikinyang'anya, akakibandika juu ya gauni lililokuwa kwenye kamba. Tukakitazama. Kipande cha kitenge, kile nilichokikariri kutwa nzima kuwa njano safi, kilikuwa kijani. Kijani kilekile. Mama akainua uso akatazama shitingi ya buluu juu yetu, halafu akanitazama mimi, na chai ikaanza kumwagika kwa kicheko.

"Weye unawazaka sana, mutoto wangu! Hata sura yako hapa iko ya buluu. Utaitia nayo rangi?"

Pakiti ilinidondoka. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye kibao.

Mchana jua lilitoka kidogo. Tulilitoa gauni na kipande hadi barabarani, kwenye mwanga mtupu. Njano. Si pacha kabisa. Gauni lilikuwa limefifia kidogo kuliko kitenge, na nyuzi za mishono zilikataa rangi zikabaki nyeupe, zikikimbia mabegani na kiunoni kama zimechorwa kwa chaki. Kichwa changu kikaanza tena: nyuzi zitaonekana? Nilitie kwenye maji mara ya pili? Unga wa njano ulikuwa umebaki, na maji yalikuwa yangali moto.

Nilirudi uani, nikainua sufuria, nikamwaga yote kwenye mfereji.

Jumamosi nilipiga gauni pasi ya makala, nikalivaa, nikafuta ule ujumbe wa homa. Kisha nikampigia Shangazi.

"Uko wapi, mwenye diplôme? Bibi-arusi anakuulizia!"

"Niko njiani, Shangazi. Nimevaa sombe."

Nikachukua mkoba, nikamshika mama mkono, tukateremka kilima kwenda kanisani.