Mawe Aliyoyalaza Kifudifudi

Saa moja kasorobo asubuhi, ncha ya mtaimbo inaingia chini ya jiwe na kulibinua. Jiwe linaachia udongo kwa sauti kama msonyo. Mzee mwenye buti za mpira analigeuza, analifuta tope kwa kiganja, kisha analisugua kwa brashi ya kufulia. Hakuna kitu. Analirudisha mahali pake, analigonga mara mbili kwa kisigino na kusogea hatua moja.

"Elfu moja mia saba na kumi na mbili," anasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Wenzake kazini wanamwita Rula, kwa sababu ya unyoofu wa kingo za njia anazozipanga. Ana miaka hamsini na saba. Yeye ndiye aliyeitengeneza njia hii ya matembezi miaka kumi na miwili iliyopita, na yeye ndiye anayeitunza mpaka leo: anafyeka, anazibua mitaro, anaondoa matawi yaliyoanguka.

Ni njia nyepesi. Kilomita tatu, tambarare, inazunguka msituni na kurudi pale pale langoni. Wanapita akina mama wenye vigari vya watoto, wazee wenye mikongojo na, zaidi ya wote, watu wenye mbwa.

"Hii ni njia ya mbwa," anatania. "Binadamu tunawaruhusu kwa kuwa wameshika kamba."

Kingo zote mbili zimepangwa mawe, zaidi ya elfu mbili na mia sita. Aliyaokota humu humu msituni. Mengi aliyakuta yametapakaa kwenye uwazi mmoja katikati ya miti, yameanguka, yamefunikwa na majani. Alishukuru kuyapata karibu.

"Nilitaka jiwe likae kama mtu aliyekaa kitini," anasema. "Upande laini juu. Ule wenye mikwaruzo niliulaza chini, mtu asijikwae, mbwa asiumie makucha. Nilijiona nina akili sana."

Mwezi wa pili mwaka huu, mwalimu mstaafu anayeishi jirani na msitu alikuja kutembea na mbwa wake wa kahawia, ambaye amempa jina la Mheshimiwa. Walipofika kwenye ule uwazi, mbwa akachomoka. Alipomfikia, Mheshimiwa alikuwa amefukua mfupa.

"Nilimwambia achia, achia wewe," anakumbuka mwalimu. "Nilidhani ni wa ng'ombe. Kisha nikaona jino."

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Ofisi ya msitu ikaleta wapimaji. Majani yalipoondolewa, ardhi ilionekana imedidimia kwa safu, urefu wa mtu, pahali arobaini na moja.

Msitu huu zamani ulikuwa na kiwanda cha mbao. Mashine zimeuzwa, mabanda yameoza. Kimebaki kipande cha ukuta wa boila, tanuri la mvuke, ambacho wapita njia hupigia picha. Wakata miti walikaa kambini na walikufa huko huko, wengine kwa kuangukiwa na magogo, wengine kwa msumeno, wengi kwa homa.

Kila mkata miti alikuwa na alama yake. Aliikata kwa shoka kwenye gogo lake ili lisihesabiwe la mwingine. Aliichonga kwa msumari kwenye sahani yake ya bati ili chakula chake kisiliwe na mwingine. Alipokufa, wenzake waliichonga kwenye jiwe la kaburi lake, maana wengi hawakujua kuandika.

Rula hakulijua hilo. Alilojua ni kwamba baba yake aliangukiwa na gogo katika kiwanda hicho, yeye akiwa na miaka minne. Mama yake alimbeba akaenda kwao, na swali la kaburi lilipokuja alijibu neno moja tu: msituni. Rula alirudi huku akiwa mtu mzima, kutafuta kazi.

"Baba yangu yumo katika hizi kingo," anasema. Anaangalia njia mbele, kisha nyuma. "Nimepita naye kila siku. Nimemfyekea majani. Nimemlaza kifudifudi kwa mikono yangu mwenyewe."

Anafuta pua kwa mkono wa shati na kuingiza mtaimbo chini ya jiwe linalofuata.

Mpaka sasa amepata mawe ishirini na saba yenye alama. Bado kumi na manne. Mwisho wa mwezi mkandarasi ataanza kumwaga zege kwenye kingo zote, kwa sababu mvua hula udongo na mawe yanacheza. Zimebaki siku kumi na moja na mawe karibu mia tisa. Rula ameruhusiwa kugeuza kabla ya lango kufunguliwa na tena baada ya saa za kazi. Akijitahidi, hufikisha sabini kwa siku. Hesabu haikubali, na yeye anajua.

Msimamizi wake naye si mtu wa roho mbaya. Amemwomba mkandarasi asogeze tarehe, akaambiwa mashine zina safari nyingine. Pale kwenye uwazi ameagiza kibao cha majina.

"Jina litaandikwa kama jiwe lipo," anasema. "Sitaki mtu aje kuniambia nimeandika hadithi. Simlaumu mzee. Hata mimi nimeyakanyaga hayo mawe miaka yote hiyo."

Saa nane mchana Rula anatoka kwenda kula. Badala ya kula, anapeleka karatasi kwa shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye ana miaka themanini na moja na amelala kwenye chumba chenye dirisha moja, miguu imevimba, sauti bado ina nguvu. Alikuwa mpishi wa kambi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo. Shavu limeingia ndani. Haya, lete huyo wa leo."

Rula hufunika alama kwa karatasi na kuisugua kwa mkaa mpaka itokee. Shangazi haitazami sana. Anaifuata kwa kidole. Leo ni mistari mitatu iliyosimama na mmoja uliolala chini yake.

"Ehee! Huyu alikuwa ananisumbua na ukoko. Kila siku, mama ukoko, mama ukoko. Homa ilimmaliza kwa siku tatu." Anataja jina, la mtu na la baba yake. Rula anaandika pembeni ya karatasi, taratibu, kwa herufi kubwa.

Hivyo ndivyo mawe ishirini na manne yalivyopata majina. Shangazi hakuwahi kuyaona makaburi. Wafu walizikwa saa ya chakula ili kazi isisimame, na saa ya chakula mpishi yuko jikoni. Anawajua watu hao kwa sahani zao.

"Hata siku ya kaka yangu," anasema. "Nilisikia wanapita nyuma ya jiko wamembeba. Nilikuwa na sahani sitini za kupakua. Nikapakua."

Mawe matatu ameyakataa. Alama zake, anasema, hajapata kuziona kwenye bati. Na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu alama ya kaka yake mwenyewe haijui.

"Hakuwa na sahani, mwanangu. Alikula kwenye sufuria yangu, mwisho, watu wakishashiba. Alama yake ningeijulia wapi?"

Kwa hiyo baba anaweza kuwa mmoja wa hao watatu. Anaweza pia asiwe yeyote kati yao, na hao watatu wakawa watu ambao shangazi amewasahau. Wiki iliyopita alikataa alama moja asubuhi, akaitambua jioni. Juzi alimwita Rula kwa jina la kaka yake na kumuuliza mbona hajavaa kofia ya kazi. Dawa ya mashaka hayo ni moja: mawe yote arobaini na moja yapatikane, watu arobaini wapate alama zao, na litakalobaki ndilo la baba.

"Usinichoshe na haya mengine," shangazi anamwambia Rula akiwa ameshafika mlangoni. "Niletee ndugu yangu."

"Nitamleta, shangazi."

"Na ukale."

Saa kumi na moja jioni Rula amerudi kwenye kona ya pili baada ya ukuta wa boila. Mwalimu mstaafu anapita na Mheshimiwa, ambaye tangu siku ile hafunguliwi kamba.

"Mzee Rula, viazi vimekomaa?"

"Bado. Mvunaji wako huyo hapo. Mlete, ana kucha nzuri kuliko mimi."

Mwalimu anacheka kidogo, kisha anaacha. Anasimama akimtazama anavyofanya kazi, anamtakia jioni njema na kuondoka.

Jiwe la elfu moja mia saba na sabini na sita ni dogo, la pembeni kwenye kona. Rula anakaribia kulirudisha bila kulisugua. Analisugua. Kuna mstari mmoja wa mshazari na nusu ya duara, na duara linakatikia ukingoni, pale ambapo jiwe lenyewe limevunjika.

Anakaa chini. Anapapasa ule ukingo kwa kidole gumba kwa muda mrefu. Ni mvunjiko wa nyundo.

"Kwenye kona mawe makubwa yalikuwa hayapindi vizuri," anasema. "Niliyapasua. Mangapi, sikumbuki."

Alama ya nusu haina maana kwa shangazi, hawezi kuisoma. Rula anakiweka kipande ndani ya kofia yake. Angependa kuendelea, lakini chini ya miti mwanga umeshakwisha, na leo tayari kuna jiwe moja aliloligeuza mara mbili kwa kutoona vizuri.

Kona ina mawe mengine madogo kama thelathini. Anayahesabu kwa macho, anarudia, kisha anachomeka kijiti pale alipoishia.

"Nilipasulia hapa hapa, nimepiga magoti," anasema. "Nusu ya pili haikwenda mbali. Kesho nitaanza upande wa kushoto."