Mistari Tuliyoifuta

Mzee aliletwa ofisini kwetu Njiro mwaka ule ule alioachishwa kazi serikalini. Alikuwa amechora ramani kwa kalamu ya wino tangu ujana wake, na walipoanza kupunguza wafanyakazi, yeye alitoka na kundi la kwanza. Mimi nilikuwa nimesoma kompyuta miezi sita tu. Nilitengeneza kalenda na vipeperushi vya watalii, na programu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kazi hizo.

Bosi alikuwa amepata kazi ya ramani kubwa ya miteremko ya Meru, kwa ajili ya mradi wa kupima mashamba. Data zilikuja kwenye sidii nne. Mzee alichukuliwa kwa muda aongeze njia za miguu na mifereji, kwa sababu picha za angani hazikuvionyesha. Alipanda kwa miguu kutoka Olmotonyi, akafuata hata mifereji ile myembamba inayopita migombani. Alichora kwenye karatasi, nami nikavifuatisha kwenye kompyuta kwa mausi, mstari kwa mstari.

Faili likavimba. Kila mstari wa mwinuko, ile inayozunguka mlima kuonyesha kimo chake, ulikuwa na maelfu ya nukta. Kulifungua kulichukua asubuhi nzima. Nikibofya mara moja, kioo kinakuwa cheupe na kompyuta inaganda. Mgao wa umeme ukitukuta hapo, tunaanza upya. Nikaikata ramani vipande sita, lakini nilipoviunganisha havikukutana. Mto ulikatika, ukaanza tena mbali. Mzee alikaa nyuma yangu, kofia magotini.

Siku mbili kabla ya kukabidhi, kiwanda cha uchapaji kilirudisha faili: mashine yao haikuliweza. Tulipunguza nukta mpaka mlima ukawa na pembe pembe. Halikufaa bado. Bosi akaniambia niondoe mistari midogo yote.

“Na mfereji wa kijiji chetu nao ni mstari mdogo?” mzee aliniuliza mimi, si bosi.

“Tutaurudisha toleo lijalo, baba,” nikamwambia. Nilijua hakuna toleo lijalo.

Nikafuta. Faili likafunguka kwa dakika mbili. Bosi akaagiza soda, na ya mzee ikabaki mezani haijafunguliwa.

Mwaka uliofuata alirudi. Wapimaji walikuwa wameweka vigingi juu ya kijiji chao, mfereji ukaangukia ndani ya shamba la mtu, akauziba. Kila ofisi aliyokwenda walimfungulia ramani yetu, wakamwonyesha kwamba pale hapana kitu. Alitaka faili la kwanza. Kompyuta ile ilikuwa imeungua siku umeme uliporudi kwa nguvu, na karatasi zake tulizitupa tulipohama chumba. Nilimweleza hivyo hivyo.

Akaomba karatasi, akauchora mfereji wote kwa kichwa, kona zote. Tuliitazama ile karatasi, sote wawili tukijua kwamba haina muhuri.

“Basi, mwanangu,” akasema, akaikunja.

Migomba yao ilikauka. Baadaye nilisikia amehamia Moshono kwa binti yake, nikaenda kumwona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akanikaribisha kiti. Tuliongea habari za mvua. Kisha akamgeukia binti yake, akamuuliza kwa sauti ya chini mimi ni nani.