Jiwe la Chifu

Mwenye makosa nitamtaja mapema, msije mkasema nilizungukazunguka. Ni chifu wetu. Wakati wa vita vya pili vya Wazungu alikuwa karani, na ndiye aliyetuandika mimi na kaka yangu kwenye kitabu chake siku moja, tukapelekwa kupigana Bama, ng'ambo ya bahari. Vijana wa ukoo wake hawakuonekana kwenye kitabu hicho. Labda wino ulimwishia. Huko tulitenganishwa. Mimi nilirudi na mguu mbovu. Kaka hakurudi. Waliokuwa naye waliniambia amekufa, nami nikamwambia mama.

Kwetu aliyefiwa hunyoa kichwa. Mama alikataa. "Kitabu ndicho kilichomchukua," alisema. "Siku nitakapoonyeshwa jina lake limeandikwa kwamba amekufa, nitanyoa." Tukakaa hivyo mpaka Uhuru ukatukuta, ukatupita.

Basi chifu akatangaza barazani kwamba jiwe la mashujaa wa vita litafunguliwa. Mama akanigeukia. "Umesikia? Wameandika."

Siku hiyo watu walitoka mpaka Kiptere na Sosiot. Watoto wa shule walisimamishwa tangu asubuhi na bendera za karatasi, rangi ikawachujukia mikononi. Wachuma chai waliletwa kwa trela za trekta, Waluhya na Wajaluo wasiojua hata jiwe ni la nini, wakaambiwa wapige makofi.

"Omera, nani amekufa?" mmoja alimwuliza mwenzake nyuma yangu.

"Sijui, lakini ng'ombe wake nimemwona. Amenona kweli."

Chifu akahutubia. "Sisi tulioteseka vitani," alisema. Mateso yake nayajua: alihesabu mablanketi Nakuru, akanenepa. Mvua yetu ya saa nane ilipoanza, bwana D.C. alifunguliwa mwavuli, na chifu akajibana humo humo huku akiendelea kuteseka. Shuka lililofunika jiwe likavutwa. Makofi.

Mimi nilisoma darasa la pili tu, lakini polepole nasoma. Nikamwongoza mama mpaka kwenye jiwe, nikapitisha kidole. Jina la D.C. aliyelifungua. Jina la chifu aliyelisimamia. Majina ya kamati yote, mpaka mweka hazina. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: kwa heshima ya mashujaa wetu.

"Wapi?" mama akauliza.

"Hayupo, mama."

"Soma tena. Wewe huwa unaruka."

Nikasoma tena. Chifu akaja, tabasamu lake bado ni lile la D.C.

"Wewe kijana wa kalamu," mama akamwambia, "mwanangu umemweka wapi?"

"Mama, jiwe ni dogo. Nafasi ilikwisha."

"Na siku ile ya kumchukua, kitabu kilikuwa kikubwa?"

Wachuma chai wakaangua kicheko. Chifu akapaza sauti kwamba nyama iko tayari, na umati wote ukamkimbia mama na swali lake. Yeye akazunguka nyuma ya jiwe, akalipapasa kwa kiganja.

"Huku hakuna kitu," akasema. "Andika."

Nikang'oa msumari kwenye jukwaa, nikaokota jiwe la kugongea. Saruji yao ilikuwa laini kama kazi yao, lakini mkono wangu si wa kalamu. Nilikuwa nimemaliza herufi ya nne askari wa chifu aliponikamata shingo.

"Mzee, unaharibu mashujaa!"

"Naongeza mmoja."

Chifu alinifungia siku mbili. Nilipotoka, nilimkuta mama na nywele zake.

"Si umeona jina limeandikwa?" nikamwuliza.

"Nimeona nusu," akasema. "Basi na yeye amekufa nusu."

Hakuna aliyemtoa hapo. Tulimzika na nywele zake zote, nyeupe, zimefika mabegani. Chifu naye alikuja matangani, akahutubia.