Sita kwa Sifuri, Mara Mbili

"Shangazi, kwa nini hukumwachia hata gemu moja?"

Nilikuwa darasa la tatu nilipomuuliza hivyo. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za uwanja wa tenisi, yeye akifungua kamba za viatu. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amemfunga binti wa kocha wake kwenye fainali ya taifa, gemu sita kwa sifuri, kisha tena sita kwa sifuri. Aliniangalia kama mtu anayesoma bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Nishikie chupa hiyo," akasema.

Shangazi ni fundi wa mapazia. Wakati huo mchana kutwa alikuwa chumba cha nyuma cha duka, katikati ya majora ya vitambaa, akisukuma cherehani kwa mguu. Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, alikuwa uwanjani na Kocha. Mashabiki walimwita Mkasi, na wageni walidhani ni kwa sababu ya ushonaji. Wapi! Ni kwa jinsi alivyokata watu. Hakupiga soga na mpinzani kabla ya mechi, na mtu akianza kuchechemea, ni upande wa mguu huohuo unaouma alikopeleka mipira.

"Dada yangu, wewe hata bibi harusi ungemfunga siku ya harusi yake," baba alimtania.

"Kama amekuja na raketi."

Kocha alikuwa mwalimu wa michezo aliyestaafu, mfupi, mwenye kofia iliyopauka, na maneno aliyatoa kwa kijiko. Siku moja kabla ya kila mechi alichukua kopo tupu la maziwa ya unga na kuliweka uwanjani, mahali palepale ambapo mpinzani anapata shida. Shangazi alilipiga kwa mipira mpaka likabonyea. Kocha haelezi, naye haulizi.

Mwaka ule binti wa Kocha naye alifika fainali. Hakufundishwa na baba yake, alikataa mwenyewe. "Nyumbani baba, uwanjani baba, nitapumua wapi?" alisema, akaenda kwa mwalimu mwingine. Kwa Shangazi fainali ile haikuwa kombe tu. Mshindi ndiye angepelekwa mashindano ya nje, na huko hakuwa tayari kwenda bila Kocha.

Nilikuwa likizo, siku moja kabla nikakaa kwenye benchi kuwatazama yeye na Kocha wakijiandaa. Kocha alimwaga mipira, akafagia mstari ambao ulikuwa umeshafagiliwa, akafunga upya kamba za viatu. Shangazi alisimama na raketi, anangoja.

"Kocha, kopo liko wapi?"

"Yule unamjua. Umemwona tangu yuko mdogo."

"Simjui kama unavyomjua wewe."

"Mama yake ataniua."

"Basi niambie leo hakuna kopo, nijue moja. Nitacheza hivyohivyo."

Kocha alivua kofia, akaivaa tena. Halafu akalichukua kopo kwenye mkoba, akatembea taratibu mpaka kona ya kushoto, akaliweka karibu kabisa na mstari. "Tangu ateguke kifundo, hapa anageuka mzito," akasema, akiwa ametupa mgongo. Shangazi akaanza kupiga.

Kesho yake mipira ilikwenda kona ileile, mmoja baada ya mwingine, mpaka watu wakaanza kuzomea. Mke wa Kocha alisimama jukwaani.

"Kona ile ameijuaje? Baba nanihii, si nakuuliza? Ameijuaje?"

Kocha alitazama mbele. Binti yake alikimbia mpaka mpira wa mwisho, akampa Shangazi mkono, akaenda kuoga. Hakulia. Nilimwangalia sana, maana nilitaka kujua kama atalia.

Baada ya hapo Kocha hakuonekana uwanjani. Shangazi alipiga mpira ukutani peke yake, wiki nzima na zaidi. Baba alimshauri aende kuomba msamaha.

"Niombe msamaha kwa kushinda?"

"Kwa kushinda hivyo."

"Hivyo ndivyo alivyonifundisha."

Asubuhi moja Kocha akaja na kapu lake la mipira. Hakusalimia. Alisimama nyuma ya Shangazi akamtazama kidogo akianzisha mpira, halafu akasema, "Sevu ya pili bado mbovu. Unaurusha mpira chini mno." Wakaendelea. Walisafiri pamoja, Shangazi akatolewa raundi ya pili, wakarudi wakibishana kuhusu sevu hiyohiyo. Nyumbani kwa Kocha, nasikia, mama alimnunia mpaka mvua zikapita.

Sasa niko kidato cha nne na Shangazi hashindani tena. Juzi nilipita dukani nikamkuta anapinda pazia la hoteli, nikamuuliza swali lile tena. Safari hii alisimamisha cherehani.

"Yule binti alipita raundi zote kwa mkono wake mwenyewe," akasema. "Ningemwachia gemu, ningekuwa nimempa kwa ajili ya baba yake, na sisi watatu tungejua. Angetembea nayo vipi?" Akakata uzi kwa meno. "Halafu usinitafutie wema, mwanangu. Gemu zile kumi na mbili nilikuwa nazitaka. Zote. Hata ile ya mwisho."