Nilihamisha Neno Moja, Shangazi Akageuka Mkosaji

Shangazi yangu alisomewa uongo hadharani, uongo wa kumtia jela, akaulizwa kama ni maneno yake.

Akasema ndiyo.

Uongo ule niliuandika mimi. Tena niliuandika huku natabasamu.

Ngoja niwasimulie taratibu.

Nilikuwa karani katika kiwanda cha kushona fulana. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua na ripoti, na kutafsiri chochote kinachokwenda kwa wamiliki, kwa kuwa wao Kiswahili hawakijui. Diploma ninayo. Kiingereza nilikuwa nakitafuna na mifupa yake. Kiwandani waliniita Kamusi, nami nilikuwa naitika kwa raha zangu zote.

Shangazi ndiye aliyenilea, na ndiye aliyeniombea ile kazi. Yeye alikuwa mshika funguo: stoo, ofisi, na ule mlango wa nyuma, wa dharura.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, moto ukaanza chumba cha pasi.

Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Lakini moshi! Tukakimbilia mlango wa nyuma wote kwa pamoja, wanawake sitini.

Umefungwa.

Tuligonga kwa ngumi, kwa viatu, kwa mikasi. Upande wa pili tukasikia miguu inapanda ngazi za nje mbio, na sauti ya shangazi: "Rudini nyuma! Rudini nyuma nifungue!"

Alipofungua, mshonaji mmoja tuliyemwita Mama Pacha alikuwa ameshajirusha dirishani. Mguu ulivunjika sehemu mbili.

Hakufa mtu. Ila moshi ukishapita, lazima apatikane wa kubeba majivu.

Ukutani palikuwa na tangazo kubwa: mlango wa dharura uwe wazi saa zote za kazi. Basi swali likabaki moja. Nani aliagiza ufungwe? Kama ni meneja, meneja ndiye wa kuondoka. Kama shangazi aliufunga kwa uzembe wake, anafukuzwa, na jalada linakwenda polisi.

Wamiliki wakaleta fomu ya maelezo, yote kwa Kiingereza. Swali la tano: umepewa maagizo gani kuhusu mlango huo? Jibu kwa sentensi moja.

"Andika," shangazi akaniambia. "Nimeambiwa nisiufungue kamwe."

Nikaandika: *I have been told never to open it.*

Nikampelekea meneja. Baada ya nusu saa akaniita.

"Kamusi, hebu njoo. Hii takataka umeandika wewe?"

Alikuwa amelizungushia duara neno *never*.

"Have, halafu been, halafu told, ndipo never? Ulisomea wapi wewe, sokoni? Wamiliki wakisoma hii watasema tumeajiri nini?"

Masikio yangu yakapata moto.

"Haya niambie, msomi. Kwenye present perfect, kielezi kinakaa wapi?"

"Katikati," nikajibu kama mtoto wa darasa la tano. "Baada ya have."

"Sasa?"

Jamani, ile "sasa?" yake ilinichoma kuliko tusi. Nikamkumbuka mwalimu wetu akigonga ubao: *I have already eaten. She has just left. They have never met.* Kielezi ni kitovu, alikuwa akisema, kinakaa katikati!

Nikarudi mezani. Nikaling'oa lile neno, nikalisogeza nyuma kwa maneno mawili tu.

*I have never been told to open it.*

Ikapendeza. Ikanyooka kama fulana iliyotoka kwenye pasi. Nikajipongeza, nikachapa upya, nikampelekea shangazi. Akatia sahihi.

Jumatatu akaja mkaguzi aliyetumwa na wamiliki, mama wa makamo, mpole wa sauti, Kiswahili hajui hata salamu. Tukakaa ofisini kwa meneja. Mama Pacha aliletwa na mguu wake wa plasta, akaunyoosha juu ya kiti kingine. Mimi nikawa mkalimani.

Mkaguzi akasoma jibu la swali la tano, kisha akaniambia, "Mtafsirie, athibitishe."

Nikamgeukia shangazi. Nikafungua mdomo.

"Umesema hivi: sijawahi kuambiwa niufungue."

Nikairudia kichwani.

Sijawahi kuambiwa niufungue?

Kwenye Kiingereza neno lile lilikuwa limeteleza kimyakimya, sikulisikia hata kishindo. Nilipolitia kwenye Kiswahili, likapiga kelele. *Nimeambiwa nisiufungue* ina mtu aliyekataza. *Sijawahi kuambiwa niufungue* haina mtu. Katazo limeyeyuka, mkatazaji katoweka, amebaki mwanamke mmoja na rundo la funguo, na tangazo ukutani linamsuta.

Nikamtazama meneja. Alikuwa anajisafisha kucha.

"Ni maneno yake?" mkaguzi akauliza.

Shangazi hakuningoja hata nitafsiri.

"Ndiyo," akasema. "Maneno yangu."

"Shangazi!" Nilipayuka. "Hukuniambia hivyo!"

"Nyamaza, mwanangu."

"Sinyamazi!"

Nikamgeukia mkaguzi, nikasema kwa Kiingereza kilichokuwa kinatetemeka kote: nimekosea mimi, mama huyu alisema amekatazwa, kosa ni la kalamu yangu.

Meneja akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeshiba, akamwambia naye kwa Kiingereza, "Mheshimiwa, huyu ni mtoto wa kaka yake. Damu nzito. Ameandika mwenyewe, leo mambo yamekuwa magumu ndiyo anakumbuka?"

"Wewe ndiye uliyenirudishia nirekebishe!"

"Nilikurekebisha sarufi. Imekosewa? Sema mbele ya watu, hiyo sarufi imekosewa?"

Haikukosewa. Hapo ndipo aliponishika pabaya. Nikaisoma tena ile sentensi kichwani, na ile ya kwanza, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondokea zuliani.

"Sarufi iko sawa," nikasema polepole, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. "Na ya kwanza nayo ilikuwa sawa. *Never* yake ilikuwa ya kufungua. Wewe umenifanya niipeleke kwenye kuambiwa. Kila kielezi kina kitenzi chake, bosi. Ukikiozesha kwa jirani, kinazaa mtoto mwingine kabisa."

Mama Pacha akaguna, "Eeh, Kamusi!"

Mkaguzi hakutabasamu. "Nina sentensi mbili," akasema. "Zote mbili umeziandika wewe, na wewe ni ndugu yake. Yuko mwingine anayejua kama alikatazwa?"

Nikatafsiri.

"Mimi hapa," Mama Pacha akasema. "Mwambie huyo mama, wiki mbili kabla ya moto nilimwomba mshika funguo atufungulie tupate hewa. Akaniambia amekatazwa. Mimi mbishi, nikamfuata huyu bwana mwenyewe. Unajua alinijibu nini? 'Mlango ule haufunguliwi, fulana zangu zina miguu, zitaibwa.' Fulana zina miguu! Sasa mimi wangu uko wapi?"

"Nilikuwa natania!" meneja akafoka.

Halafu akasikia alichokiri.

Mkaguzi akainua macho. "Amesema nini?"

Nikamtafsiria yote, la Mama Pacha na la meneja, na safari hii kila neno nililiacha pale lilipozaliwa.

Mkaguzi akaipiga fomu mstari mmoja mrefu kutoka kona hadi kona. Akaniomba karatasi tupu. Akasema mshika funguo aeleze upya kwa lugha yake, na iandikwe kwa lugha yake, tafsiri ifuate baadaye, tena ya mtu mwingine. Iliniuma, lakini nilistahili.

Ijumaa meneja hakuonekana tena. Shangazi alibaki na funguo zake, isipokuwa wa mlango wa nyuma: kitasa cha mlango ule kiling'olewa kabisa. Mimi nikapewa onyo la maandishi, na kwa kuwa karani ni mimi, nililichapa mwenyewe.

Mnadhani imeisha? Nami nilidhani hivyo.

Jioni ile ya kikao tulikuwa tunashuka ngazi na shangazi. Nikamwuliza, "Kwa nini ulikubali yale maneno? Ningejua huelewi, ningekusomea kabla ya kutia sahihi."

Akasimama. Akanitazama kama mtu anayetazama mshono uliopinda.

"Nani kakwambia sielewi? Kabla ya kupewa funguo nilishona lebo miaka tisa. *Never iron. Never bleach.* Hilo neno limepita mkononi mwangu kuliko lilivyopita mdomoni mwako. Likikaa na pasi, pasi haigusi nguo. Nililiona limehama siku ileile uliyoniletea nitie sahihi."

Nikashika reli ya ngazi.

"Uliona? Na ukasaini?"

"Nilijua meneja kakubana. Ama mimi, ama kazi yako. Nikadhani umeshachagua."

"Shangazi, mimi sikujua! Wallahi sikujua!"

"Sasa nimejua kuwa hukujua. Siku ile nilisema moyoni, basi, mtoto wangu naye ale. Mimi nimeshakula."

Akaendelea kushuka. Mimi nikakaa palepale kwenye ngazi, nikalia mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

*Nimeshakula.* Mnaona ile *sha* ilipojificha? Imo ndani ya tumbo la kitenzi, hakuna meneja wa kuizungushia duara wala karani mwenye kiburi wa kuihamisha.

Jifunzeni lugha za watu, msiniige ujinga. Kanuni nazo zishikeni. Ila kabla hujasahihisha sentensi ya mtu, mrudie mwenyewe umwulize alimaanisha nini. Mimi niliyekuwa nikiitwa Kamusi nilimsahihisha mwanamke aliyekuwa amesema kweli, naye akawa tayari kufungwa akidhani ndivyo nilivyotaka.