Tumepinduka na gari njia ya Ngana, shangazi akatoka anaimba. Fungeni mikanda!

Habari zenu wakuu.

Naandika huku moyo bado unaruka, kwa furaha. Haya yamenipata mwenyewe Jumapili iliyopita na sijaongeza chumvi hata punje. Yalivyo tu yanatosha.

Mimi naishi Kyela mjini. Asubuhi ile nilikodi gari dogo na dereva wake, Lusajo, twende Ngana kumchukua shangazi yangu Tumpe aje kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Shangazi ni mkulima wa kokoa, mtu mzima, na akisema jambo kasema.

Kabla hatujaondoka kwake Ngana akakaa siti ya nyuma, akaanza kutafuta mkanda. Kumbe umezama chini ya siti.

Lusajo akacheka. "Mama, huko nyuma trafiki hawaangalii."

"Kwani mwanangu nafunga kwa ajili ya trafiki?"

Lusajo akashuka, akauchomoa. Nami nikafunga wangu, ningeanzaje kubaki hivi hivi mbele ya shangazi?

Sasa, wa Lusajo ulikuwa umechomekwa, ila kaupitisha nyuma ya mgongo ili gari lisipige alarm. (Wengi mnafanya huu mchezo, najua.) Shangazi akauona.

"Na wewe."

"Nitafunga tukifika lami, mama."

Shangazi akafungua mlango, mguu mmoja nje. "Basi nendeni, mimi nitakuja na wengine."

Lusajo akafunga, kanuna.

Tukaingia lami, manyunyu yanadondoka. Mbele kuna fuso limejaa magunia ya mpunga, linatambaa. Karibu na kona Lusajo akawasha indiketa.

Nikamwambia, "Subiri kwanza, huoni mbele."

"Napita fasta tu, bro."

Wakuu! Ikatokea bodaboda usoni kwetu, mishikaki, watu watatu na helmet hakuna hata moja. Lusajo akakata usukani, gari likaacha barabara, likabingirika, likatulia kwenye jaruba la mpunga, matairi juu.

Halafu nasikia pambio. Shangazi ananing'inia kwenye mkanda, kichwa chini, anaimba kwa sauti yote!

Nilicheka na kulia kwa pamoja, sijui hata niliwezaje.

Watu waliokuwa wanapalilia wakaja mbio, matope hadi magotini, wakavunja kioo wakatutoa mmoja mmoja. Kila aliyemshika, shangazi anamwambia, "Ndaga fijo, ndaga fijo!" Asante sana, asante sana.

Mimi na shangazi tulipata michubuko tu, ila Lusajo kavunjika mfupa wa bega. Wale wa bodaboda walitumbukia kwenye majani, mmoja kapasuka kichwa akashonwa, anaendelea vizuri.

Trafiki alipofika aliangalia kioo cha mbele, chote hakipo. Akamuuliza Lusajo, "Ulikuwa umefunga mkanda?"

"Ndiyo, afande."

"Bila huo mkanda ungepitia hapa."

Lusajo akakaa kwenye matope akalia kama mtoto. Shangazi akakaa pembeni yake, na gauni lake la sherehe, akamshika mkono mpaka gari la kumpeleka hospitali likafika.

Wakuu, takwimu za ajali tunazisikia redioni kila mara, tunazipita kama matokeo ya mechi ya timu tusiyoishabikia. Sababu zenyewe zote zilikuwa pale kwenye kona moja: mwendo, ku-overtake usikoona, mishikaki, vichwa wazi. Siku ile tulikuwa tunaenda kuongezwa kwenye hizo namba, na kila namba ina watu waliokuwa wanaisubiri kanisani.

Funga mkanda hata siti ya nyuma. Dereva akigoma, shuka. Usimwonee aibu.

Tulifika kanisani kwa lifti, watoto wameshabarikiwa. Mjukuu akamwona bibi yake mlangoni, tope mpaka kwenye nywele, akaacha mstari akamkimbilia. Gauni lake jeupe la kipaimara likaisha hapo hapo, na hakuna aliyejali.

Nanyi semeni: nani kawahi kugoma kupanda mpaka dereva afuate taratibu? Dereva alijibuje? Nasoma zote.