Nyumba Niliyosema Ina Mwenyewe

Mwanangu, ipo siku moja ya mvua ambayo nikifumba macho naiona yote, hata harufu ya treni naisikia. Ilikuwa miaka ya sabini inaelekea mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimechumbiwa, na kichwani mwangu mlikuwa na mapazia tu na vyombo vya ndani.

Mpanda ya wakati ule nyie hamuwezi kuijua. Mgodi wa madini ya risasi ulikuwa umefungwa zamani. Reli ilibaki, na nyumba za wafanyakazi zilibaki zimepangwa mistari, nyasi za mbugani zikizisogelea taratibu mpaka madirishani. Upepo ukivuma, mabati yalilia kama watu wanaoongea chumba cha pili. King'ora cha mgodi kilishanyamaza, lakini baba mkubwa aliyenilea, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kupandisha mawe kutoka shimoni, bado aliamka saa ileile ya zamu. Alivaa viatu, akakaa kitandani kidogo, kisha akavivua. Nilikuwa namcheka kimoyomoyo.

Yeye ndiye aliyeachiwa kuzilinda zile nyumba tupu, na mojawapo alikuwa ameniombea nihamie nikishaolewa. Niliifagia kila siku. Sakafu yake niliipaka rangi nyekundu kwa mikono yangu.

Siku hiyo treni ilileta wakimbizi wa Burundi waliokuwa wanahamishwa kutoka upande wa Tabora kwenda makazi mapya ya Mishamo. Malori ya kuwachukua yalikuwa yamekwama kwenye tope huko njiani, basi wakatawanyika mjini kutafuta pa kujikinga. Mwanamke mmoja akaja mpaka kibarazani kwangu, mtoto mgongoni, mkeka uliolowa kichwani.

"Dada, mtoto anachemka," alisema. "Tukae humu mpaka mvua ikatike."

Nilitazama miguu yake, nikatazama sakafu.

"Nyumba hii ina mwenyewe," nikamwambia.

Hakubishana. Mwanangu, alisema asante. Asante. Akashuka ngazi, akapotelea mvuani.

Jioni nilimsimulia baba mkubwa, nikidhani nitasifiwa kwa kutunza nyumba. Alikuwa anakula. Akaacha, akanawa mikono chakula kikiwa bado kipo.

"Mwenyewe ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Mimi nilifika hapa kwa miguu, natoka Ufipa, pakiwa na nyasi na swala tu. Mama yako alishuka kwenye treni hiyohiyo, wewe ukiwa mgongoni. Nani kati yetu alizaliwa na nyumba?" Hakupaza sauti hata kidogo. "Nenda kamtafute."

Nilikimbia mpaka stesheni. Malori yalikuwa yameshafika, yameshaondoka. Yalibaki maji kwenye alama za matairi, yanang'aa kwa jua la mwisho.

Niliolewa, nikahamia nyumba ile, na sikuwahi kuifurahia. Mtoto yeyote akikohoa jirani, nilimsikia yule mtoto wa mgongoni. Baada ya mavuno nikamwambia mume wangu ukweli wote, naye akanitafutia nafasi kwenye lori lililokuwa linakwenda Mishamo kuchukua mahindi. Nilizunguka vijiji vya huko nikiulizia kama mtu anayetembea usingizini, maana hata jina lake sikulijua. Siku ya tatu nikamwona shambani, anachuma maharage. Mtoto alikuwa amesimama pembeni, ameshika kanga ya mama yake, mashavu yamejaa.

Nilipiga magoti kwenye udongo nikamweleza kila kitu.

"Nisamehe, dada," akasema. "Sikukumbuki. Walioniambia hivyo siku ile walikuwa wengi."

Kisha akanipeleka kwake, akanipikia ugali wa muhogo na maharage mapya, akanipa na pa kulala. Sikuweza kumaliza chakula kile kwa machozi.

Leo Mpanda imejaa. Mtaani Shanwe kote ni nyumba na maduka, pikipiki hazinyamazi, watu wanaingia kutoka kila upande. Nami nawasikia nyie vijana mkisema "hawa wa kuja", namkumbuka yule mama.

Mwanangu, mji huu ulijengwa na watu wa kuja. Anayekubishia hodi mpokee kwanza, maswali yatafuata akishakaa. Na ukimkosea mtu, mfuate ungali na nguvu za kwenda. Pengine utakuta ameshakusahau, kwa kuwa ulikuwa mmoja tu wa wengi. Hilo linauma kuliko kutukanwa, lakini nenda.

Mungu akupe pa kuishi, akupe na moyo wa kuwapisha wengine wakae. Na siku wewe ukiwa mgeni mahali, akutangulizie mtu mwema.